Rimoti Mbili na Kibanio Kimoja

Kosa la kwanza halikuwa langu, na naomba liandikwe hivyo mapema, kwa sababu mengine yote yatakuwa yangu. Kosa la kwanza lilikuwa la Hajji, alipoagiza kutoka Nairobi rimoti mbili za kurushia ndege ndogo na kusisitiza kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeanza biashara kabla hujazaliwa, kwamba anataka zifanane kabisa. "Usiniletee moja hivi na nyingine vile," alimwambia muuzaji. Ungedhani anaagiza sahani za harusi.

Hajji ndiye mwenye duka la vifaa vya simu ambalo barazani pake nina meza yangu ya ufundi, hapa Hai Jalaba katikati ya Juba. Ni Msomali wa Garissa, mtu wa miaka hamsini na kitu, ndevu zake amezitia hina, na akikasirika hushusha sauti badala ya kuipandisha. Mimi ni mtoto wa hapa niliyelelewa Nakuru, nikarudi nikiwa mtu mzima na koleo mfukoni, na mpaka leo Kiarabu changu cha Juba kinawachekesha wauza mboga. Yeye anauza chaja, mimi natengeneza simu zilizoharibiwa na chaja hizo. Tumeelewana hivyo mwaka wa saba sasa.

Rimoti zilikuja na lori kupitia Nimule, ndani ya katoni moja na ndege mbili za foamu. Zilikuwa mitumba ya zamani, nzito, zenye antena za chuma za kuvuta. Nilizifungua mezani, nikasoma namba kwenye vile vidude vidogo vya ndani tunavyoviita kristali, nikacheka mpaka nikashika meza. Kristali ndiyo inayoamua rimoti itumie masafa gani, na hizi mbili zilikuwa na namba ileile. Ukiwasha rimoti zote mbili kwa pamoja, kila ndege inapokea amri za mabwana wawili na haimtii hata mmoja. Rimoti za kisasa hazina upuuzi huo, kila moja inajuana na ndege yake na haisikilizwi na nyingine. Hajji alinisikiliza mpaka mwisho, akazitazama tena.

"Lakini zinafanana," alisema.

"Zinafanana sana, Hajji."

Tuliagiza kristali nyingine. Yule muuzaji, kwa kuwa sasa alimjua mteja wake anapenda nini, akatuma yenye namba ileile.

Kwa nini mtu mzima mwenye duka, mke, watoto na alama ya sijida usoni atake kurusha ndege ya foamu? Nilimuuliza siku ya pili, kwa kumtania, nikitegemea anijibu kwa mzaha. Akanijibu kweli. Baba yake alianza kutetemeka mikono akiwa na umri huohuo, kule Garissa. Ilianza kwenye kumimina chai. Kwao mtu asiyeweza kumimina chai mbele ya mteja bila kumwaga hakai tena kaunta, basi mwezi uleule mzee alimkabidhi Hajji duka, akaenda kukaa nyumbani, na hakuna aliyemuuliza tena bei ya kitu chochote. Hajji alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe tangu alipotimiza hamsini. Kwa daktari hakutaka kwenda. Aliona video ya wazee fulani wakirusha ndege kwa vijiti viwili vidogo, kidole kikicheza kidogo tu ndege inayumba, akasema hicho ndicho kipimo chake.

"Daktari anaweza kunionea huruma," alisema. "Ndege haina huruma na mtu."



Basi tukawa na rimoti mbili na anga moja. Kwenye katoni kulikuwa na kijitabu kilichochanika, nikasoma humo kwamba warushaji wa zamani walikuwa na desturi: masafa yakiwa ya watu wawili, kinawekwa kibanio kimoja cha nguo, na mwenye kibanio kwenye antena yake ndiye peke yake anayeruhusiwa kuwasha. Hajji aliipenda desturi hiyo kupita kiasi. Alileta kibanio chekundu kutoka kwenye kamba ya nguo ya mke wake na kukikabidhi kwangu na kukipokea kwangu kwa mkono wa kulia, kila mara akisema Bismillahi. Mtu asiye na kibanio hagusi swichi. Nilikubali. Nakumbuka hata niliapa.

Uwanja tuliupata Nesitu, kando ya barabara ya Nimule, mbali kidogo na pale malori yanapoegeshwa. Mjini usingethubutu kurusha kitu chochote chenye mabawa na antena, na upande wa Bilpam, kwenye makao makuu ya jeshi, hata wazo lake ni la kijinga. Pale Nesitu tuliomba ruhusa kwa wakubwa wa mtaa, wakaja kuangalia, wakaishika ile ndege kama watu wanaopima kuku, wakacheka, wakatuacha. Ardhi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mzee tuliyemwita Haboba, yaani bibi. Aliishi miaka mingi Uganda wakati wa vita na Kiswahili chake alikitoa huko. Alikuja na kiti chake cha plastiki kila Jumapili mchana, mimi nikitoka kanisani na Hajji akitoka kuswali adhuhuri, akakaa kututazama kando ya simsim yake, yaani ufuta.

"Mimi iko natazama tu," alisema siku ya kwanza. "Lakini ile ndege ikianguka kwa simsim ya mimi, nyinyi nalipa."

Hajji alijifunza haraka kuliko mimi, na hilo liliniudhi. Mimi ndiye fundi. Mimi ndiye niliyelehemu nyaya, niliyepima betri, niliyeunganisha vile vimota vidogo vya kuvuta mkia na mabawa, vinavyoitwa sevo. Lakini ndege yangu ilipanda na kushuka kama mlevi anayetafuta ufunguo, na ya Hajji ilizunguka uwanja kwa adabu na kutua miguuni pake. Halafu angekunja antena yake polepole, anipe kibanio, na kusema, "Sasa wewe, fundi. Pole pole." Ile pole pole ndiyo iliyonitoa kwenye njia ya wokovu.

Nikaanza utundu. Ndege yake ikiwa bado chini, yeye akiwa ameinama kukagua mabawa, mimi nilisimama nyuma ya pikapu ya duka iliyotuleta, nikavuta antena yangu na kuwasha rimoti yangu mara moja, tap, na kuizima. Mkia wa ndege yake ulitikisika wenyewe. Hajji aliruka nyuma, akasoma Ayatul Kursiyyi, akainama tena kwa tahadhari, akaugusa mkia kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nimeuma shati nisicheke. Jumapili iliyofuata nikarudia, na safari hii alimwambia Haboba kwamba huenda shamba lake lina wenyewe, yaani majini. Haboba alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Nilipaswa kuelewa hapohapo.

Jumapili ya tatu Hajji alirusha vizuri kuliko siku zote. Alikuwa na furaha, na akiwa na furaha huongea na ndege kwa Kisomali. Akaniita nitazame: angeipitisha chini, juu ya nyasi, kwenye kimo cha magoti, toka mwisho wa uwanja mpaka mbele yetu. Kibanio chekundu kilikuwa kwenye antena yake. Rimoti yangu ilikuwa mkononi mwangu, nyuma ya pikapu, na ndani yangu kulikuwa na yule mtoto wa Nakuru aliyefukuzwa darasani mara nyingi kuliko alivyokaa. Nilijiambia ni sekunde moja tu. Ndege itashtuka, yeye atashtuka, nitacheka, basi.

Nikawasha. Ndege ilishtuka kweli. Ililala ubavu, bawa likagusa nyasi, ikapinduka na kujipiga kwenye kichuguu, na vipande vya foamu vikaruka juu na kushuka taratibu kwenye simsim ya Haboba.

Nilikuwa nimeshazima na kukunja antena kabla kipande cha mwisho hakijatua. Nilitoka nyuma ya pikapu nikiwa na maneno yote tayari mdomoni: Hajji, ni mimi, samahani, nitakununulia nyingine. Lakini Hajji hakuwa anaitazama ndege. Alikuwa ameishusha rimoti ikaning'inia kwenye mkanda wake wa shingoni, ameinua mikono yake miwili mbele ya uso, na anaitazama.

"Ni mikono," alisema, kwa ile sauti yake ya chini. "Imeanza."

Na mimi nikanyamaza. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini, na kila maelezo yanazidi kunichafua. Niliona haya, hiyo ndiyo kweli. Baada ya dakika moja ya kutosema, kusema kulikuwa kugumu zaidi, na baada ya saa moja tukiwa njiani kurudi mjini kulikuwa hakuwezekani kabisa.

Lakini mimi ni fundi, na fundi hakosi ujanja. Asubuhi yake nilimwita Hajji mezani, nimeipanga mizoga ya ndege juu ya kitambaa, nikamwonyesha sevo ya bawa. Nikamwambia meno ya ndani yamelika, ndiyo maana ndege ililala ubavu, si mikono hata kidogo. Nilizungumza kwa ufasaha. Karibu nijiamini. Hajji aliichukua ile sevo, akaingia nayo dukani, akaiunganisha kwenye betri na risiva, kile kidude cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, akawasha rimoti yake na kusukuma kijiti. Sevo ilizunguka kulia, ikazunguka kushoto, laini, bila kukwama hata mara moja. Alisukuma kijiti mara kumi labda. Kisha akairudisha mezani kwangu na kuiweka mbele yangu.

"Asante, fundi," alisema. "Wewe ni mtu mwema."

Aliona nimemdanganya, akadhani nimemdanganya kwa huruma. Kwa hiyo uongo wangu ndio uliompa uhakika. Kama fundi wake mwenyewe anamficha, basi hali ni mbaya. Toka siku hiyo akaacha kumimina chai. Aliacha kubandika vile vioo vyembamba vya kukinga skrini za simu, kazi aliyokuwa akijivunia kuliko sala za usiku, maana hakuacha kiputo hata kimoja. Sasa alikuwa ananiletea mimi mezani, na mimi nabandika vinatoka na viputo kama maziwa yanayochemka, na wateja wanalalamika, na yeye anawaambia wanisamehe.

Jumapili nilikwenda Nesitu peke yangu, kwa kisingizio cha kuokota vipande vilivyobaki. Haboba alikuwa kwenye kiti chake na redio magotini.

"Wewe," alisema. "Mimi naona wewe. Nyuma ya gari. Wewe navuta ile chuma, ile ndege nakufa."

Nikamwambia, Haboba, tafadhali, usimwambie Hajji, nitamwambia mwenyewe.

"Mafi mushkila," alisema, hakuna shida. "Lakini ile redio ya mimi hainaongea wiki mbili."

Nikatengeneza redio. Jumapili iliyofuata ilikuwa tochi. Halafu simu ya dada yake, simu ya jirani wa dada yake, na kipaza sauti cha kanisa lao ambacho nadhani kilikuwa kimekufa tangu kabla ya uhuru. Kila mara aliniuliza kwanza kama nimesema, nami nikamwambia bado, naye akaingiza mkono ndani ya kikapu na kutoa kitu kingine. Sijawahi kukutana na mtu aliyefurahia dhambi ya mwenzake kwa mpangilio mzuri namna ile.

Wiki ya nne Hajji aliniambia, akiwa anapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi, kwamba amempigia simu mdogo wake.

"Yule wa Garissa?"

"Ndiyo. Anafunga kibanda chake. Atakuja kukaa hapa kaunta, mimi nitarudi nyumbani." Akapangusa tena palepale. "Wewe meza yako ni yako, nimemwambia. Usihofu."

Hapo ndipo nilipojichukia kwa moyo wote. Mtu anaondoka dukani kwake akiwa mzima, na kabla ya kuondoka amehakikisha aliyemwondoa atabaki na meza. Niliamua nitasema kesho. Kesho kulikuwa na wateja. Kesho kutwa Hajji alikuwa na mafua, na nani anamwambia mgonjwa habari kama hiyo? Wiki ikaisha, na nyingine ikaisha, na mimi kila siku nina sababu mpya, nzuri kuliko ya jana.

Siku mdogo wake alipokuwa njiani, tunajua ameshavuka Nimule asubuhi, boda ilisimama mbele ya duka na Haboba akashuka na kikapu chake. Sikuwahi kumwona mjini. Alipanda baraza, akanipita bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kaunta.

"Hajji," alisema, "mimi natafuta wewe. Mimi iko na maneno."

Sikungoja. Nilisimama na kiti kikaanguka nyuma yangu, nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba ni mimi. Kwamba niliwasha rimoti yangu kibanio kikiwa kwake. Kwamba hata ule mkia uliotikisika zile Jumapili mbili ni mimi, hakuna jini yeyote shambani, na sevo ilikuwa nzima, nilidanganya. Wateja wawili waliokuwa wanachagua vifuniko vya simu waliviweka chini ili wasikie vizuri.

Nilipomaliza Haboba alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nataka chaja," alimwambia Hajji. "Ile ya mdomo mdogo. Maneno ya mimi ni hiyo tu."

Hajji alimpa chaja. Alimfungia kwenye mfuko, akakataa pesa yake, kisha akanigeukia.

"Uliwasha kwa muda gani?"

"Sekunde moja. Labda mbili."

"Na mimi nilikuwa nimeishika sawasawa?"

"Ulikuwa umeishika sawasawa, Hajji. Ulikuwa unarusha vizuri kuliko siku zote. Ndiyo maana nilifanya."

Akakaa kwenye kile kigoda chake nyuma ya kaunta. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya Kisomali, Kiswahili na Kiarabu, na hakutoa hata moja. Alichukua simu, akapiga, akasikiliza, akaiweka chini. Mdogo wake alikuwa hapatikani, barabara ile mtandao unakuja na kuondoka.

"Atashuka Nesitu, gari lake linaishia hapo," alisema. "Chukua pikapu. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajafika hapa. Mimi siwezi kumwambia."

Nikaenda, na Haboba akapanda mbele na chaja yake kwa kuwa ni njia yake. Tulipopita daraja aliniambia malesh, ya wele, pole kijana, na sikujua ananipa pole ya yaliyopita au ya yanayokuja.

Mdogo wake Hajji nilimtambua kabla hajashusha mguu wa pili. Uso uleule, ndevu nyeusi tu. Alikuwa na mabegi manne, na kwapani amebeba kibao cha bati kilichofungwa kwa shuka, pembe moja imetokeza, na kwenye hiyo pembe niliona herufi za rangi. Alikuwa amelifunga duka lake na kung'oa hata kibao cha jina.

"Wewe ndiye fundi," alisema, akanipa mkono. "Kaka ananiambia umemtunza sana."

Nikamwambia hapohapo, kati ya malori, nisije nikapata tena sababu nzuri. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika mwisho aliuliza swali moja.

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu lenye heshima kidogo, nikakosa. "Nilitaka kucheka," nikasema.

Nilidhani atanipiga, na nilisimama vizuri ili anipate. Badala yake aliweka kile kibao chini, akakiegemeza mguuni, akanyoosha mikono yake miwili, akaigeuza huku na huku juani.

"Baba, halafu kaka," alisema. "Mimi nina arobaini na sita. Tangu aliponipigia, kila asubuhi naamka naitazama hii kabla sijamtazama mke wangu." Akaishusha mikono. "Kwa hiyo kaka hana kitu?"

"Hana kitu."

Akakaa juu ya begi moja, akafunika uso kwa kilemba chake, na mabega yakaanza kumtikisika mbele ya madereva wote wa Nesitu. Nilikuwa nimejua kwa wiki sita kwamba nimemwibia mtu mmoja usingizi. Kumbe walikuwa wawili, na huyu hatukuwa hata tumeonana. Niliinama nikachukua begi la kwanza.

"Sema tena," aliniambia kutoka ndani ya kilemba.

Nikasema tena, mikono ya kaka yako ni mizima, nikapeleka begi garini. Niliporudi kuchukua la pili akanitaka niseme tena, na la tatu vilevile. La nne alikuwa amelikalia, kwa hiyo nikasimama pale mbele yake na kuyarudia maneno yaleyale mpaka aliponyanyuka.